Ifakara: historia yake, mahali pa kuwaonyesha wanafunzi, na kilichouchelewesha mji huu

Mwalimu wa Iringa

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Ninafundisha jiografia na historia katika shule ya sekondari mkoani Iringa, na mwaka huu tumekubaliana na wenzangu kwamba safari ya mafunzo ya kidato cha tatu ishuke katika Bonde la Kilombero, na kituo chetu kiwe mji wa Ifakara. Wanafunzi wetu wengi hula mchele unaotoka huko, na baadhi yao wana ndugu waliohamia Mlimba na Mngeta kwa ajili ya kilimo, lakini vitabu tunavyotumia darasani vinaupita mji huo kwa sentensi mbili: mpunga na reli ya TAZARA.

Ningependa kwanza kufahamu historia ya mahali hapo kabla ya reli, hasa ni watu gani waliishi bondeni na mji ulitokeaje pale ulipo. Pili, naomba ushauri kuhusu maeneo yanayofaa kutembelewa na kundi la wanafunzi ambao wengi wao hawajawahi kushuka kutoka nyanda za juu. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, ni suala la uchumi. Treni zimekuwa zikipita hapo tangu miaka ya 1970, ardhi ina rutuba, mito haikauki, na bado kwa macho ya msafiri Makambako inaonekana kukua kwa kasi kuliko Ifakara. Ni kitu gani hasa kilichouzuia mji huu? Nitashukuru kupata majibu ya watu wanaoishi huko au waliofanya kazi huko, kwa sababu sitaki kuwafundisha vijana mambo ya kukisia.

Mzee wa Kivukoni

Mwalimu, karibu sana bondeni. Nianze na ardhi yenyewe, maana historia ya mji huu haishikiki bila hiyo. Bonde limelala kati ya milima ya Udzungwa, upande wa kaskazini-magharibi, na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mito inayoteremka kutoka kwenu nyanda za juu, mikubwa ikiwa Ruhudji, Mnyera na Mpanga, hukutana bondeni na kuwa Mto Kilombero, ambao ramani za zamani ziliuita Ulanga. Mto huo huelekea kaskazini-mashariki, hupita jirani na Ifakara, kisha hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shughuli, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Kwa kuwa bonde ni tambarare na liko chini, kiasi cha mita 250 tu hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya masika hayana pa kukimbilia, hivyo hutanda juu ya mbuga kwa wiki nyingi. Karibu na Ifakara uwanda wa mafuriko hubanwa kidogo na kingo huwa imara zaidi, na ndiyo sababu watu walivukia hapo tangu zamani. Ukiniuliza kwa nini mji uko pale na si kwingine, jibu langu ni kivuko.

Wandamba ndio wanaohesabiwa kuwa watu wa mto wenyewe. Maisha yao yalikuwa mtumbwi, nyavu na migono, uwindaji, na mpunga uliopandwa kwa kufuata maji yanavyopanda na kushuka. Wapogoro wamekaa upande wa Mahenge na pembezoni mwa bonde. Wabena waliteremka kutoka nyanda za juu wakajenga himaya yao Utengule, sehemu ya juu ya bonde, chini ya ukoo wa Kiwanga. Wambunga walikuja katika karne ya 19 wakiwa na mbinu za vita za Wangoni, na hao ndio waliolitawala eneo la Ifakara. Kwa hiyo Wajerumani walipoingia hawakukuta bonde tupu wala bonde la kabila moja. Walikuta watu wenye mikataba na visasi vyao wenyewe.

Jambo hilo lilionekana wazi katika Vita vya Majimaji. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji, Wapogoro na Wambunga miongoni mwao, walilivamia boma la Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha. Wakati huohuo Mtema (yaani mtawala) Kiwanga wa Wabena alikuwa amesimama upande wa Wajerumani. Naomba wanafunzi waambiwe mambo yote mawili, kwa maana tumezoea kuisimulia Majimaji kana kwamba kusini nzima ilikuwa na kauli moja. Baada ya mapigano ikaja njaa, iliyosababishwa kwa makusudi na majeshi ya Wajerumani yaliyochoma maghala na mashamba, na njaa hiyo ndiyo iliyoua wengi zaidi kuliko risasi. Kabla watu hawajapata nguvu, Vita Kuu ya Kwanza ikaingia, na Mahenge ikawa mojawapo ya ngome za mwisho za Wajerumani. Askari wa Kongo waliokuwa chini ya Wabelgiji ndio walioiteka Oktoba 1917. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo na chakula kilicholisha majeshi vilitoka katika vijiji vya pande hizi.

Baada ya hapo wakaja Wakapuchini kutoka Uswisi, ambao walichukua misheni zilizoachwa na Wabenedikto Wajerumani, na kazi yao ya shule na tiba ndiyo iliyoipa Ifakara sura ya mji. Leo mji una jimbo lake Katoliki, lililoundwa 2012 kutoka Jimbo la Mahenge, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Andrea ni miongoni mwa majengo ambayo mgeni atayaona mapema. Waislamu nao wana historia ndefu hapa, kwa kuwa biashara ya pwani ilifika bondeni kabla ya misheni, na mtu anayeelezwa Ifakara kama mji wa misheni peke yake anapewa nusu ya habari.

Kuhusu mahali pa kutembelea, anza na Daraja la Magufuli lililoko Kivukoni. Lina urefu wa mita 384 na lilifunguliwa 2018. Kabla yake, kila mgonjwa, kila gunia na kila mwanafunzi wa wilaya za Ulanga na Malinyi, ng'ambo ya mto, alivuka kwa pantoni, au kwa mtumbwi pantoni ilipoharibika, na maji yalipojaa sana watu walisubiri tu. Januari 2016 pantoni moja ilipinduka na kuzama pamoja na magari yaliyokuwa ndani yake. Wasimamishe vijana wako juu ya daraja, waangalie upana wa mto wakati wa kiangazi, kisha waangalie alama ya maji kwenye kingo ili waelewe masika hufika wapi. Hilo ni somo la jiografia ambalo ubao hauwezi kulifundisha.

Muuguzi mstaafu

Namshukuru Mzee kwa maelezo yake. Nitaongeza sehemu ambayo naona itasahaulika, yaani afya, kwa kuwa kuna nchi nyingi duniani ambako jina la Ifakara linafahamika na jina la mkoa wa Morogoro halifahamiki, na sababu yake si mchele.

Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikua kutoka katika zahanati ya misheni na sasa ni hospitali ya rufaa inayohudumia bonde zima. Kando yake kuna taasisi ya utafiti ambayo historia yake inastahili kufundishwa shuleni. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy, mtaalamu wa zoolojia kutoka Basel, alianzisha Ifakara maabara ndogo ya Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Uswisi. Kazi za mwanzo zilihusu papasi wanaoeneza homa ya vipindi, na mbung'o wanaoeneza malale. Malale si jambo dogo katika historia ya bonde hili: katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu kadhaa za Ulanga na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya ugonjwa huo, na vijiji vingine havikurudi tena mahali pake. Mwaka 1961 kikaongezwa kituo cha kufundishia watumishi wa afya wa vijijini. Hatua kwa hatua uongozi wa maabara ulipita mikononi mwa Watanzania, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara, ikiwa na matawi pia Bagamoyo na Dar es Salaam.

Kazi kubwa imekuwa malaria. Katika kijiji cha Namawala, jirani na mji, watafiti waliopima mapema katika miaka ya 1990 walikuta kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Katika kijiji cha Idete ndiko chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na mwanasayansi wa Colombia, ilipojaribiwa kwa watoto. Matokeo ya kwanza, yaliyotangazwa 1994, yalionyesha kinga ya asilimia 31, lakini majaribio yaliyofuata katika nchi nyingine hayakuthibitisha matumaini hayo, na chanjo ikaachwa. Hata hivyo wazazi wa Idete walitoa mchango wao kwa sayansi, na mimi huona ni haki wakumbukwe.

Lililobadilisha nchi ni vyandarua. Kuanzia 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mradi wa KINET ulisambaza vyandarua na dawa ya kuvitia kwa jina la Zuia Mbu, kupitia maduka ya kawaida na wahudumu wa vijiji, kwa bei ambayo familia ingeweza kuimudu. Tathmini ilionyesha kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliongeza kwa asilimia 27 uwezekano wa mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kunusurika. Ushahidi huo ulisaidia kuzaliwa kwa mpango wa kitaifa wa Hati Punguzo, yaani hati za kununulia chandarua kwa bei nafuu, ambao wazazi wa wanafunzi wako wataukumbuka kutoka kliniki za wajawazito. Nchi nzima ilijifunza hapa.

Mwalimu, ukifika uwaeleze vijana pia kuhusu madungu. Msimu wa mpunga familia nyingi huhama nyumba zao za kijijini na kwenda kukaa kwenye vibanda vya mashambani, vingine vikiwa vimeinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Huko mbu ni wengi, zahanati iko mbali, na shule iko mbali vilevile. Huwezi kuelewa malaria ya bonde hili, wala mahudhurio ya shule zake, bila kuelewa kwamba kwa miezi kadhaa kila mwaka nusu ya maisha ya watu yako mashambani.

Taasisi hupokea wageni wa masomo wakiandika barua mapema. Nakushauri uandike miezi miwili kabla.

Dalali wa mchele

Nitajibu swali la tatu, kwa kuwa nimeishi kwa kununua mpunga Ifakara, Mngeta na Mlimba na kuuza mchele Dar es Salaam kwa muda mrefu.

Mwalimu, ulichoeleza ni kweli, lakini umeiweka reli mahali pakubwa mno. TAZARA ilijengwa ili shaba ya Zambia ifike bandarini bila kupita Rhodesia na nchi nyingine za kusini zilizokuwa chini ya utawala wa makaburu na walowezi. Haikujengwa kwa ajili ya mpunga wa Kilombero. Kipande cha Dar es Salaam hadi Mlimba, kilomita 502, kilikamilika mwishoni mwa 1971, na njia nzima ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Stesheni ya Ifakara haiko katikati ya mji. Mizigo ilibebwa kwa baiskeli na mikokoteni kutoka mjini hadi huko. Pamoja na hayo, wananchi waliigeuza reli kuwa mali yao. Treni ya abiria, hasa ile ndogo iliyoitwa Kipisi ambayo ilisimama kila stesheni, ilibeba mchele, ndizi, samaki wakavu na maharage, na kina mama wengi walisomesha watoto kwa biashara ya dirishani. Wakati injini zilipopungua na ratiba ikawa haitabiriki, biashara hiyo ilidhoofika kwa sababu hakuna mtu anayeweza kupanga mauzo ya ndizi kwa treni inayochelewa siku mbili.

Barabara ndiyo iliyotuumiza. Kutoka Mikumi hadi Kidatu palikuwa na lami, kisha kutoka Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, palikuwa na udongo. Masika lori lingeweza kulala njiani siku kadhaa. Mnunuzi anajua hali hiyo, kwa hiyo anamlipa mkulima bei ya chini na kutaja barabara kama sababu. Lami ya kipande hicho pamoja na daraja jipya la Ruaha Mkuu vilizinduliwa 2024. Hesabu mwenyewe: daraja la Kilombero 2018, lami 2024. Ifakara ninayoifahamu mimi imeunganishwa na nchi juzi tu, na kuilinganisha na Makambako, iliyokaa penye njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, ni kuionea.

Jambo la pili ni jinsi mpunga unavyouzwa. Mkulima mdogo anakopa mwezi wa Januari kwa ajili ya palizi, analipa kwa magunia wakati wa mavuno, Juni, bei ikiwa chini kabisa. Mwezi wa Desemba ananunua mchele uleule kwa bei ya juu. Mashine za kukoboa zipo nyingi mjini, lakini mchele wetu wa Supa, ambao harufu yake jikoni haihitaji tangazo, huondoka kwenye magunia yasiyo na jina na kufikia sokoni ukiuzwa kwa jina la Mbeya au Kyela. Mbegu bora tunayo, kwa mfano SARO 5, na kituo cha utafiti wa mpunga cha KATRIN, ambacho sasa ni TARI Ifakara, kipo hapahapa. Kinachokosekana ni maghala ya wakulima wenyewe na mkopo usiomlazimisha mtu kuuza mwezi wa sita.

Tatu ni sera. Mwaka 2013 serikali iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru, na bei ikaporomoka nchi nzima. Kuna wakulima wa hapa ambao hawakupanda tena eneo lile walilokuwa wakilima kabla ya mwaka huo. Hata shamba kubwa la Mngeta, lenye hekta zaidi ya 5,000, lililoanzishwa katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa Tanzania na Korea Kaskazini na baadaye likachukuliwa na mwekezaji binafsi, halikudumu mikononi mwake. Mtu akisema ardhi ya bonde inatosha kumtajirisha yeyote, mwonyeshe Mngeta.

Sukari inafaa kutajwa, ingawa kiwanda kiko Kidatu na si Ifakara. Miwa ya kiwanda cha Kilombero hutoka katika mashamba ya kampuni na ya maelfu ya wakulima wa nje, na upanuzi wake umekusudiwa kuongeza uzalishaji kutoka tani 127,000 hadi 271,000 kwa mwaka. Fedha hiyo huzunguka zaidi Ruaha, Kidatu na Mang'ula. Ifakara hupata sehemu ndogo. Kwa upande mwingine, kakao ya Mbingu imeanza kupata heshima kwa watengenezaji wa chokoleti wa nje, na tangu daraja lifunguliwe, wanaotoka Mahenge, ambako kuna vito vya spinel na madini ya kinywe, hununua vifaa vyao Ifakara. Hayo ndiyo mambo yanayonipa matumaini.

Mwalimu wa Iringa

Shikamoo Mzee wa Kivukoni, na asanteni sana nyote. Sikutegemea majibu yenye uzito huu. Nimekubali kwamba kuilinganisha Ifakara na Makambako bila kuangalia barabara kulikuwa kuionea. Ninaomba kuongezewa jambo moja: wanafunzi wataniuliza kwa nini ardhi yote hiyo isilimwe, hasa tunapoona mbuga kubwa kwenye ramani ambazo hazina mashamba. Niwajibu nini?

Askari wa wanyamapori

Mwalimu, hili swali ni zuri na linanigusa, kwa sababu ndilo ambalo wananchi hutuuliza kila siku, mara nyingine kwa hasira.

Mbuga hiyo unayoiona haina mashamba inafanya kazi, ingawa kazi yake haionekani kwenye gunia. Mto Kilombero huchangia takriban asilimia 62 ya maji yote ya Rufiji kwa mwaka. Maji hayo hayashuki kwa mkupuo kwa sababu mbuga huyapokea masika, huyatandaza, na kuyaachia taratibu kiangazi. Bwawa la Julius Nyerere lililoko huko chini, lenye uwezo wa megawati 2,115, linategemea tabia hiyo ya bonde. Ukichimba mifereji ya kukausha mbuga yote ili kupanda mpunga, utavuna kwa miaka michache, kisha mto utajaa ghafla na kukauka ghafla, na hasara itafika Rufiji na delta yake.

Ndiyo maana bonde liliorodheshwa 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, eneo la karibu kilomita za mraba 7,967. Hapa ndipo palipokuwa na kundi kubwa kuliko yote duniani la sheshe, swala wa majimaji mwenye rangi ya dhahabu. Sasa wamepungua kiasi cha kusikitisha. Tangu miaka ya 1990 wafugaji wengi waliingia na maelfu ya ng'ombe, baadhi yao wakiwa wameondolewa maeneo mengine kama Usangu, na mashamba nayo yakasogea hadi ukingoni mwa mto. Mwishoni mwa 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo, na kwa kweli ilikuwa na maumivu makubwa kwa familia nyingi, kwa hiyo siwezi kuisifu bila kusema hivyo. Sehemu ya bonde sasa imepandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Maoni yangu ni kwamba mpaka hautaheshimiwa kama wanavijiji wanaopakana nao hawapati mapato yanayoonekana, na kama wavuvi wa Kindamba, waliolilinda bonde kwa vizazi vingi kwa kuvua kitoga na kambale bila kulimaliza, wanahesabiwa kama wavamizi.

Ndugu Dalali wa mchele ameeleza vizuri kuhusu barabara, ila ninatofautiana naye kidogo. Lami italeta bei nzuri, na bei nzuri itasukuma mashamba mbele kuelekea mbugani. Hivyo anachokitaka yeye na ninachokilinda mimi vitagongana isipokuwa mavuno yaongezeke katika mashamba yaliyopo, kwa mbegu bora na skimu za umwagiliaji zinazoeleweka, badala ya kufungua mapya.

Wanafunzi wasikose Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ambayo ofisi zake ziko Mang'ula, kwenye njia ya kuja Ifakara. Ilianzishwa 1992, na ina kilomita za mraba 1,990. Haina barabara za kutembeza magari ndani. Unakwenda kwa miguu. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170, na njia ya kupanda inawafaa vijana wenye afya. Humo kuna nyani wa aina ambazo hazipatikani popote duniani nje ya milima ya Udzungwa, kama mangabe wa Sanje, aliyetambuliwa na wanasayansi 1979 tu, ilhali wenyeji walimfahamu tangu zamani. Ukiwa juu, angalia chini: miwa, reli, mpunga, mbuga na mto vinaonekana kwa pamoja, na swali lao kuhusu ardhi isiyolimwa watakuwa wameanza kulijibu wenyewe.

Dalali wa mchele

Nimeipokea hoja ya Askari, na sina ugomvi na mbuga. Naongeza tu kwamba mkulima aliyelazimika kuuza mwezi wa Juni hana uwezo wa kununua mbolea ya kuongeza mavuno katika ekari zake mbili, kwa hiyo anafungua ya tatu mbugani. Mkopo wa haki na ghala ni ulinzi wa mbuga pia.

Mzee wa Kivukoni

Marahaba Mwalimu. Kwa upande wa ratiba, msije kati ya Machi na Mei. Mto Lumemo, unaoteremka kutoka Udzungwa na kupita pembeni mwa mji, hufurika, na masika ya 2024 mafuriko yaliingia katika nyumba nyingi za Ifakara. Mwisho wa Juni au Julai unafaa: mavuno yapo uwanjani, mashine za kukoboa zinafanya kazi usiku na mchana, na njia za vijijini zinapitika.

Siku ya kwanza laleni Mang'ula na kupanda Sanje asubuhi inayofuata, kabla ya jua kuwa kali. Hapo Mang'ula waonyeshe pia maeneo ya kambi na karakana za wakati wa ujenzi wa TAZARA, ambako vijana wa Kitanzania na mafundi wa Kichina walifanya kazi bega kwa bega. Kisha ingieni Ifakara, mtembelee taasisi ya utafiti, soko la mchele na kituo cha TARI, na mchana jua likipungua mwende Kivukoni darajani. Mji ni tambarare, kwa hiyo mtaona baiskeli nyingi ingawa bodaboda zimezipunguza. Mkiweza, kodisheni baiskeli badala ya kuzunguka na basi.

Ukitaka kurudi Iringa kwa njia itakayowafundisha zaidi, pandeni treni Ifakara hadi Makambako iwapo ratiba ya siku hiyo inaruhusu, na mwulize stesheni mapema. Kutoka Mlimba njia inaanza kupanda kwa mahandaki na madaraja hadi nyanda za juu. Kipande hicho cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote kujengwa, na vijana wataona kwa nini. Mkiwa na wanafunzi wa historia, wasomeeni habari za Majimaji mkiwa upande wa Lupiro, ng'ambo ya daraja, ambako barabara inaanza kuelekea Mahenge. Milima ya boma lile inaonekana kutoka hapo siku isiyo na mawingu. Nijulisheni hapa tarehe ikishapangwa, na mimi nitazungumza na wavuvi wawili watatu wa Kindamba waje kuwaeleza vijana jinsi ya kusoma maji.